Mbwa Wako Hahitaji Kibao, Anahitaji Marafiki

Tembea mtaa wowote hapa Nairobi, kuanzia Buruburu hadi Kileleshwa, uhesabu mageti yaliyoandikwa MBWA KALI. Utachoka. Tuanze na sarufi, maana mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari bado yuko hai na anasoma hizi vitu: mbwa ni mkali, si kali. Lakini hilo ni kosa dogo. Kosa kubwa ni wazo lenyewe. Ni kama tuliketi nchi nzima tukakubaliana kwamba kazi ya mbwa ni kuchukia watu.

Mimi nasema hivi, na mnitusi mkitaka. Mbwa asiyejua watu si mlinzi, ni ajali inayongoja geti lisahauliwe wazi. Mbwa aliyezoea watoto, boda boda, wachuuzi na mbwa wenzake ndiye salama zaidi kwako, kwa jirani na kwa mtoto wa jirani. Kama unafuga mbwa na hajawahi kuvuka geti lako tangu umlete, hufugi mbwa. Umemfunga jela na wewe ndiye askari.

Nina haki ya kuongea kwa sababu naishi na mmoja. Anaitwa Githeri.

Nilimtoa kwenye kituo cha kuokoa wanyama, karibu miaka miwili sasa. Ni mbwa koko kamili: miguu mifupi, kifua kipana, sikio moja limesimama na lingine limelala kama limekata tamaa. Ukimwangalia upande huu unaona mbwa wa polisi, ukienda upande ule unaona mbwa wa buchari. Mchanganyiko. Ndiyo maana akaitwa Githeri. Watu huniuliza kama ni kwa heshima ya Githeri Man wa uchaguzi wa 2017, na huwa nawaambia ndiyo, kwa sababu ni rahisi kuliko kueleza. Kichekesho ni kwamba githeri yenyewe hawezi kula ikiwa imekaangwa na vitunguu. Vitunguu ni sumu kwa mbwa. Sasa umejua.

Wengi wenu mnafikiri kuchukua mbwa kituoni ni kama kuokota paka sokoni. Wapi! Niliulizwa maswali kuliko siku niliyoomba kazi. Unaishi na nani? Mwenye ploti amekubali kwa maandishi? Ukisafiri utamwachia nani? Mbwa atalala wapi? Halafu mtu akaja kuona keja yangu kwa macho yake. Githeri alikuwa tayari amechanjwa na kufungwa kizazi, na hilo ni jambo kubwa. Mbwa jike hubeba mimba siku 63 hivi tu, na anaweza kuzaa watoto sita, saba, nane kwa mpigo. Ukiona kundi la mbwa wanazurura usiku karibu na jalala la mtaa wenu, mara nyingi hadithi yao ilianza na mtu aliyesema "ah, wacha tu azae, tutapeana."

Kwa hivyo kabla hujatuma maelfu kwa msee wa mtandaoni anayeuza German Shepherd "orijino" ambaye mama yake hujawahi kumwona, nenda kwanza uone walio vituoni. KSPCA pale Karen wanafanya kazi hii kwa zaidi ya karne moja. Si lazima uondoke na mbwa. Nenda tu uangalie.

Sasa turudi kwa Githeri na maisha yake ya kijamii, ambayo, nisema ukweli, yamenizidi yangu.

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi tuko nje. Kituo cha kwanza ni soja wa geti, ambaye humwita "madam" na kumpigia saluti. Mimi huniita "wewe wa namba tisa". Kituo cha pili ni mama mboga, anayemwekea vipande vya karoti alivyokata vibaya. Cha tatu ni kinyozi akifungua duka. Huyo hasemi kitu, anamkuna tu nyuma ya lile sikio lililolala. Cha nne ni mbwa mzee wa buchari, ambaye Githeri humnusa matakoni kwa heshima zote kisha naye ananuswa. Usicheke. Kwa mbwa hiyo ndiyo salamu na ndiyo habari za asubuhi. Pua inamwambia yule ni dume au jike, alikula nini, ana wasiwasi au ametulia. Sisi tunasoma simu, wao wanasoma huko.

Jioni ni zamu ya watoto wa ploti. Wana sheria zao, na wanazisimamia kuliko kamati yoyote. Sheria ya kwanza: unauliza mwenye mbwa. Ya pili: unasimama upande, humkodolei macho, unaacha akunuse mkono. Ya tatu: akigeuka akaondoka, umeambiwa hapana, na hapana ni hapana. Ya nne: humgusi akiwa anakula au amelala. Kuna msichana wa miaka saba ambaye sasa anawafundisha wageni. Juzi nilimsikia akimwambia binamu yake, "Mkia kutingika si lazima amefurahi, angalia mwili wote." Ni kweli kabisa. Mbwa aliyekakamaa huku mkia ukitingika juu kama bendera hajakualika mahali. Anayepiga miayo bila usingizi, akilamba midomo na kukwepa macho yako, anakuomba kwa adabu umpe nafasi. Na yule anayelaza kifua chini huku makalio yako juu anasema twende tucheze. Watu wazima wangapi wa mtaa wako wanajua haya?

Jumapili tunaenda Karura. Mbwa wanaruhusiwa mle msituni mradi wawe na kamba. Tuko watu watano tuliojuana hivyo hivyo barabarani, mbwa akivuta upande huu na mwenzake akivuta upande ule, mpaka wenye mbwa wakajikuta wanasalimiana kwa lazima. Mbwa wenyewe ni Githeri, Popi, Tommy na Simba wawili. Kenya hakuna kundi la mbwa lisilo na Simba. Tunachangia gari kwa sababu makanga wengi hawataki kusikia. Mara moja tu makanga wa laini yetu alituruhusu. Akamwangalia Githeri, akaniangalia, akasema, "Huyu analipa kama mtu mzima." Nikalipa viti viwili. Alikaa dirishani.

Huwa nafikiria sana tukiwa Karura. Msitu ule ungekuwa majumba leo kama si Wangari Maathai na wenzake waliopigwa wakiutetea Januari 1999. Walitaka mji uwe na mahali pa kupumua. Ukiona mbwa aliyeokotwa karibu na jalala akiviringika kwenye majani ya msitu uliokaribia kugawiwa matajiri, unaona faida ya mahali pa wazi bila kusomewa hotuba.

Na mimi je? Nimeishi ploti hii miaka mitatu. Mwaka wa kwanza majirani niliwajua kwa majina ya Wi-Fi zao. Siku hizi najua nani anauguliwa na mama, nani amepata kazi, nani anauza friji. Kuna mzee mmoja mstaafu wa ghorofa ya chini, alifiwa na mkewe mwaka juzi. Alikuwa hatoki. Sasa kila jioni saa kumi na moja na nusu anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, ameshika kipande cha ugali baridi, akijifanya anapunga upepo. Tukichelewa, ananigombeza mimi, si Githeri. Vijana tunaongea sana juu ya upweke mjini. Tunaandika maneno marefu juu ya afya ya akili saa nane usiku, peke yetu, mlango umefungwa. Sisemi mbwa ni dawa ya huzuni. Kama unaumia, tafuta mtu wa kuongea naye. Ninachosema ni kwamba mbwa anakulazimisha kutoka nje mara mbili kwa siku, mvua au jua, na huko nje kuna watu.

Lakini hii si hadithi tamu tu. Kuna jambo linanikera, na ndiyo sababu naandika wiki hii.

Mwezi uliopita mtoto wa darasa la tatu aliumwa na mbwa kwenye mtaa wetu. Si Githeri. Ni mbwa wa boma moja la kona, lenye kibao unachokijua. Yule mbwa anaishi ndani ya kibanda cha mabati ambacho mimi na wewe tusingeweza kunyoosha miguu. Anafungiwa mchana kutwa, anafunguliwa usiku alinde. Ndivyo wengi walivyofundishwa: ukimfungia na kumnyima watu, atakuwa mkali. Siku hiyo geti liliachwa wazi. Mbwa ambaye hajawahi kuona mtoto akikimbia aliona mtoto akikimbia.

Mama ya yule mtoto alifanya vizuri sana: aliosha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha wakakimbia hospitali kuanza sindano. Shikeni hilo, hata kama hampendi mbwa. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona, lakini ukiosha kidonda na kumaliza sindano mapema, unazuilika. Mwenye mbwa alipoulizwa kadi ya chanjo, akasema itatafutwa. Mpaka leo inatafutwa.

Sasa kamati ya mtaa imependekeza suluhisho: mbwa wote waondolewe. Wote. Popi mwenye kilo nne, Githeri, mbwa mzee wa buchari, wote.

Niko upande wa yule mama. Hasira yake ni ya haki na mtu asimwambie apoe. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa cha mbwa wanaupata kutoka kwa mbwa, na sehemu kubwa ya wanaoumwa ni watoto. Hapa Kenya inakadiriwa ugonjwa huu unaua watu wapatao 2,000 kwa mwaka. Si mchezo. Tatizo langu ni dawa iliyochaguliwa.

Fikirieni. Ukipiga marufuku, nani atatii? Ni wale wanaotembea na mbwa kwa kamba mchana, mbele ya macho ya watu, wenye kadi ya chanjo mfukoni. Hao ndio wanaoonekana. Yule wa kibanda cha mabati nyuma ya ukuta atabaki pale pale, kwa sababu mwenye boma atasema ni wa ulinzi, na kamati yenyewe nusu yao wana wao. Halafu hao walioondolewa wataenda wapi? Vituo vimejaa. Wengine watatupwa usiku kando ya barabara. Ndani ya mwaka mmoja utakuwa na mbwa wachache waliochanjwa na wengi wasiochanjwa, wanaozaana na kupigania takataka. Umemlinda mtoto yupi?

Kinachofanya kazi kinajulikana. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo na kuendelea hivyo, mnyororo wa maambukizi unakatika. Kenya yenyewe iliweka mkakati tangu 2014 wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia 2030, na msingi wake ni chanjo, si kufukuza. Chanjo ndiyo nusu ya kazi. Nusu ya pili ni hii ninayopigia kelele: mbwa azoee dunia.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa mbwa, kuanzia wiki ya tatu hadi ya kumi na nne hivi, ubongo wake uko wazi kama daftari jipya. Chochote anachokutana nacho kwa upole wakati huo, awe mzee wa mkongojo, mwanamke wa buibui au msee wa kofia ya pikipiki, anakiandika kama kitu cha kawaida. Asichokutana nacho kinakuwa jini. Mfungie miezi hiyo kwenye mabati na umetengeneza mbwa anayeogopa kila kitu, na mbwa anayeogopa ndiye anayeuma. Ule ukali unaojivunia getini mara nyingi ni woga uliopandishwa sauti.

Aliyepita umri huo bado anaweza kujifunza, ila pole pole. Githeri alikuja mtu mzima. Kuna kanuni wenye vituo hupenda kukupa: siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu. Siku tatu za kwanza alikaa chini ya meza na hakula mbele yangu. Baada ya wiki tatu alishajua sauti ya funguo zangu. Miezi mitatu ilipofika alikuwa amelala katikati ya mlango, kila mtu amruke. Boda boda zilichukua muda zaidi. Tulizitazama kutoka mbali, kipande cha nyama kila moja ikipita, tukisogea hatua chache kila wiki. Sasa zikipita anageuka kuniangalia: nyama iko wapi?

Najua maswali yenu, hebu tuyamalize.

"Haya ni mambo ya wazungu." Nani alikwambia? Nenda kwa shosho yako ushago. Kuna mbwa, anaitwa Simba, na anamjua kila mtoto wa kijiji. Anafuata watu shambani na kuwasindikiza mtoni. Mchungaji wa Kimaasai anatoka na ng'ombe na mbwa wake. Kule Congo kuna Basenji, mbwa wa kuwindia ambaye habweki kama wengine, na ameishi na watu wa msituni kabla ya mkoloni yeyote kufika. Kumfungia mbwa kwenye kibanda saa kumi na mbili kwa siku ndiko kugeni.

"Watu hawana chakula na wewe unalisha mbwa." Githeri anakula ugali, matumbo na omena, vilivyochemshwa bila chumvi wala viungo. Ninayemwona akilaumu sana kuhusu njaa kwa kawaida ameshika glasi ya kahawa iliyo ghali kuliko chakula cha mbwa wangu cha siku mbili. Huruma haiishi ukiigawa.

"Dini yangu hainiruhusu kumgusa." Hapo huna haja ya kunieleza hata kidogo. Ghorofa yetu ina familia mbili za Kiislamu na mate ya mbwa ni najisi kwao. Methali ya mchezea mbwa huingia naye msikitini tuliisoma sote, na mimi sina nia ya kumwingiza mbwa wangu kwenye ibada ya mtu. Nafupisha kamba, napanda ngazi wakishapita, na Githeri hakanyagi kibaraza chao. Ijumaa tunasalimiana kama kawaida. Kumzoesha mbwa watu maana yake ni pamoja na kumfunza kwamba si kila mtu anataka salamu yake.

"Mimi naogopa tu." Ogopa bila haya. Pengine uliumwa ukiwa mdogo. Ni kazi yangu kuvuka barabara, si yako. Yule anayepiga kelele "haumi, haumi!" huku mbwa hana kamba anatuharibia jina sote. Kila mbwa mwenye meno anaweza kuuma.

Kwa hivyo haya ndiyo nitakayopeleka kwa kamati:

Kwanza, kila mbwa wa mtaa aandikishwe, na kadi ya chanjo ionyeshwe kila mwaka. Bila kadi, mwenye mbwa apewe muda mfupi wa kuchanja, kisha hatua. Na mwenye boma la kona awe wa kwanza kwenye orodha.

Pili, nje ya geti ni kamba, bila mjadala. Na mavi unaokota. Mfuko mfukoni, kila siku.

Tatu, hakuna kufungia mbwa siku nzima kwenye kibanda. Kenya ina sheria dhidi ya ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Kumpiga mnyama ovyo na kumnyima chakula na maji ni makosa kisheria, si "ni mbwa wangu nitafanya nitakalo".

Nne, tuchange tumwite daktari wa mifugo siku moja, mbwa na paka wote wachanjwe hapa hapa uwanjani. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kichaa cha mbwa, na ingefaa tuifanye siku hiyo.

Tano, watoto wafundishwe zile sheria nne. Mwalimu tunaye tayari. Ana miaka saba na hataki mshahara.

Mkutano ni Jumamosi saa nane, pale chini ya tangi la maji. Mama ya yule mtoto atakuwepo, na nimemwomba aongee kabla yangu, kwa sababu ni mtoto wake aliyeumia. Amesoma mapendekezo haya. La nne amelikubali. La tatu amesema atalifikiria. Hiyo inanitosha kwa sasa.

Kama mtaa wenu una kamati kama yetu, chukua hayo matano, badilisha utakavyo, upeleke. Na kama uko na mbwa nyuma ya nyumba unaposoma hii, jua halijazama bado. Tafuta kamba, nenda naye mpaka kona, simama aangalie watu dakika tano, mrudi. Kesho mwende mbele kidogo.